Mwingereza au Mjapani? Safari Rally ilishajibu

Ubishi huu vijiweni Handeni na Korogwe huwa hauishi: gari la michezo la Mwingereza na la Mjapani, lipi kali? Kwenye lami safi ya Silverstone, Lotus au McLaren ina lake la kusema. Ila mbio za kwetu ni vumbi na makorongo, na kipimo chake ni Safari Rally.

Mwaka 1972 Hannu Mikkola alishinda na Ford Escort ya Uingereza. Mwaka uliofuata Shekhar Mehta wa Kenya akalirudisha taji kwa Mjapani na Datsun 240Z, kisha akashinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, na magari ya kampuni hiyohiyo. Mbio ziliporudi kwenye ubingwa wa dunia 2021, Toyota ikabeba zote tano hadi 2025. Ford za timu ya M-Sport ya Uingereza? Kipindi hicho hakuna ushindi hata mmoja.

Lakini subiri kidogo. Subaru Impreza aliyoshindia Colin McRae 1997 iliandaliwa na Prodrive, kampuni ya Uingereza. Mkono wa Mwingereza ulikuwemo, ingawa gari ni la Mjapani.

Kwa mtu wa huku kinachoamua ni spea. Magari ya mtumba ya Japani yanashuka bandari ya Dar kila leo, na mafundi wameshayazoea. Korogwe hadi Handeni ni lami, kilomita 65. Kunja kona uingie vijijini na Lotus, tumbo lake lilivyo chini vile, uone kama utafika.