Silinda Sita ao Silinda Nne yenye Turbo?



Mwezi huu ninajibu barua ya baba mumoja wa Kolwezi. Amefanya kazi katika machimbo miaka 27. Sasa anatoka kazini, na dekonti yake finali iko karibu. Anataka kununua pick-up ya okazio ili abebe unga na makala kutoka vijijini mpaka mujini. Anaandika hivi: "Pasta, nimeona gari mbili. Moja ni Land Cruiser ya silinda sita, bila turbo, ni ya zamani. Ingine ni Hilux ya silinda nne, iko na turbo, si ya zamani sana. Kijana wangu anasema turbo. Mimi ninasema silinda sita. Muke wangu hasemi kitu. Utusaidie."

Nitarudi kwa huyu mama asiyesema kitu. Kwanza tuangalie moteri.

Namna moteri hizi zinafanya kazi

Moteri ya mazuti inakula vitu viwili: mazuti na hewa. Bila hewa ya kutosha, mazuti haiungui vizuri. Inatoka moshi mweusi, na nguvu inapotea. Kila silinda ni kama chungu kimoja cha kupikia. Land Cruiser ile inayopendwa sana kwetu ina moteri inayoitwa 1HZ. Ilianza kutengenezwa 1990. Ina vyungu sita, na vyote pamoja ni lita 4.2. Inavuta hewa yenyewe, kama mutu anavyopumua. Nguvu yake ni ya farasi karibu 130 tu, lakini inavuta muzigo polepole bila kelele nyingi. Silinda sita katika mustari mumoja zinapokezana vizuri, ndiyo maana moteri haitetemeki sana.

Moteri ya silinda nne ni ndogo zaidi. Hilux nyingi za okazio zina lita 2.5 ao 3. Ili ipate nguvu, imepewa turbo. Turbo ni feni mbili juu ya chuma kimoja. Moshi unaotoka katika moteri unazungusha feni ya kwanza, na feni ya pili inasukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda. Ni moshi uliokuwa unatupwa bure, sasa unafanya kazi. Mwana-Uswisi Alfred Büchi alipata hati ya uvumbuzi huu katika mwaka 1905, kwa hiyo si jambo la jana.

Kijana wa barua hii hakosei. Kwetu Katanga tunakaa juu. Kolwezi ni zaidi ya meta 1,400 juu ya bahari. Huku hewa ni nyepesi, na moteri isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja ya nguvu katika kumi kwa kila meta 1,000. Turbo inarudisha sehemu kubwa ya ile iliyopotea. Tena moteri ndogo inakunywa mazuti kidogo. Hata Toyota wenyewe, katika 2023, waliweka moteri ya silinda nne na turbo, ya lita 2.8, ndani ya Land Cruiser ya namna ile ile ya kazi nzito. Ina farasi 204. Basi musiseme tena kwamba silinda nne ni gari ya wanawake na watoto.

Lakini baba naye hakosei. Turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ndani ya moto mukali. Kitu kinachoilinda ni mafuta ya moteri, basi. Mafuta yakiwa machafu ao yakipungua, inakufa. Tena moteri hizi za silinda nne za siku hizi zinapuliza mazuti kwa injekteri zenye matundu madogo sana, kwa nguvu zaidi ya bari 1,000. Mazuti ya bidoni ya kando ya barabara, yenye maji na muchanga, inaziharibu upesi. 1HZ inavumilia zaidi, kwa sababu pompa yake ni ya zamani, ya chuma tupu, bila kompyuta. Fundi wa kijiji anaweza kuifungua.

Naye 1HZ ina sheria yake. Ina mukanda wa ndani unaopaswa kubadilishwa kila kilometa 100,000. Ukikatika, vali zinagonga pistoni, na moteri imeisha. Kwa hiyo, hakuna moteri isiyo na sheria.

Turbo niliyoua mimi

Ninajua mambo haya kwa sababu ya kosa langu mwenyewe. Kanisa letu lilikuwa na pick-up ya silinda nne yenye turbo. Mimi ndiye niliyeiendesha. Kila mwezi nilipewa feza kidogo ya gari. Mara mbili wakati wa vidanji ulifika, na mara mbili nilichukua feza ile ya mafuta ya moteri nikanunua mazuti ili nitembelee parokia za mbali. Nilijiambia: kazi ya Mungu haiwezi kungojea. Tena nilikuwa na desturi ya kupanda kilima kwa mbio, kufika, na kuzima moteri mara moja.

Usiku mumoja wa mvua nilibeba mama mumoja mwenye uchungu wa kuzaa kumpeleka hospitali. Katikati ya safari nikasikia sauti kama filimbi, kisha moshi wa bluu ukajaa nyuma, na gari haikuwa na nguvu tena. Tulisimama porini. Wanaume wawili waliokuwa nyuma walimubeba yule mama katika matope mpaka barabara kubwa, na kamioni moja ikatuhurumia. Mutoto alizaliwa karibu na asubuhi. Mama na mutoto wote wako wazima, kwa neema ya Mungu tu.

Sasa musikie zambi yangu. Katika baraza la kanisa nilisema: "Hizi gari za turbo ni bongo. Zimetengenezwa kwa barabara za Ulaya. Tununue silinda sita." Wazee wakakubali. Na feza ingetoka wapi? Katika sanduku la wamama, ile waliyoweka kwa kuuza mikate na maharagwe, kwa ajili ya mabati ya dispanseri yetu.

Fundi aliyefungua moteri alikuwa kijana wa kanisa. Alichovya kidole katika mafuta, akanionyesha. Yalikuwa meusi na mazito kama lami. Akauliza kwa sauti ya chini: "Pasta, mafuta hii mulibadilisha lini?" Sikumujibu. Yeye naye hakuuliza tena.

Wapendwa, siku tatu sikulala vizuri. Siku ya Mungu, kisha ibada, niliomba wazee na wamama wabaki. Nikawaambia: turbo haikutudanganya, mimi ndiye niliyewadanganya. Nilikula feza ya vidanji, hata kama niliila kwa safari za injili. Mama muwekaji wa feza alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Pasta, tulijua. Yule fundi ni mutoto wangu. Tulikuwa tunakungojea."

Tulitengeneza turbo. Nilichangia kila mwezi kutoka mushahara wangu, mwaka muzima. Mabati ya wamama yalipanda juu ya dispanseri. Na ufunguo wa gari, tangu siku ile, unakaa na shemasi mumoja pamoja na kitabu kidogo: tarehe, kilometa, mafuta, filtiri. Bila kuandika, hakuna kutembea. Paulo aliwaandikia Wakorinto kwamba musimamizi anatakiwa kuwa muaminifu (1 Wakorinto 4:2). Zamani nilifikiri neno lile linahusu mahubiri tu.

Basi, achague gani?

Baba wa Kolwezi, jiulize maulizo haya:

1. Utatembea wapi? Kama ni barabara ya lami, Kolwezi mpaka Likasi na Lubumbashi, kilometa nyingi kila wiki, silinda nne ya turbo itakuachia faida. Piga hesabu. Tuseme moja inakunywa lita 14 kwa kilometa 100, na ingine lita 9. Ukitembea kilometa 2,000 kwa mwezi, tofauti ni lita 100. Hiyo ni feza ya shule. Lakini kama ni njia ya pori, muzigo muzito, mbali na garaji, silinda sita bila turbo itakurudisha nyumbani.

2. Mazuti utanunua fasi gani? Kama ni ya bidoni, uogope injekteri.

3. Nani ataendesha? Kijana anayependa mbio hapaswi kupewa turbo mbele ya kufundishwa. Asubuhi aache moteri ipate moto kidogo. Kisha kilima ao muzigo, aiache izunguke polepole dakika moja ao mbili kabla ya kuizima. Mafuta na filtiri ya hewa kwa wakati wake, na mbele ya wakati kama ni siku za vumbi.

4. Piesi zinauzwa bei gani? Mbele ya kununua, uliza bei ya turbo moja na injekteri nne. Uliza pia bei ya kufanya upya moteri ya silinda sita: pistoni sita, injekteri sita. Andika yote.

Siku ya kuangalia gari, ifike ikiwa baridi. Muuzaji asiiwashe mbele yako hujafika. Ikiwaka, angalia moshi: wa bluu ni mafuta ya moteri yanayoungua, mweusi mwingi ni hewa kidogo ao injekteri mbaya, mweupe usioisha, pengine ni maji yanaingia. Toa bomba la hewa la turbo, shika ile feni kwa vidole: ikicheza sana, acha hiyo gari. Kwa 1HZ, uliza mukanda ulibadilishwa kilometa ngapi. Asipojua, hesabu kwamba haujabadilishwa.

Na sasa yule mama

Tunakumbuka mwaka 2003, wakati zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines walitoka kazini kwa mupango wa kutoka kwa hiari. Katika muji wetu tuliona baba wengine waliomaliza feza yote kwa gari moja. Kisha miezi gari ikakaa juu ya mawe, na watoto wakacheza ndani yake. Hakuna aliyebakiza feza ya vidanji ya kwanza.

Bwana Yesu alifundisha juu ya mutu anayetaka kujenga munara: anaketi kwanza na kuhesabu gharama (Luka 14:28). Baba, uketi, lakini usiketi peke yako. Ile feza muke wako aliitumikia pia. Alipika bukari usiku ulipofanya zamu, alilima shamba mushahara ulipochelewa. Kama anyamaza, pengine ni kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Muulize jioni, watoto wakiwa wamelala, na karatasi ya hesabu iwe mezani. Pengine atasema nyumba kwanza. Pengine atasema gari, lakini ya bei ndogo. Usikie mpaka amalize.

Shauri langu: kama safari zako ni za vijijini, kama ulivyoandika, chukua silinda sita, iliyopimwa na fundi ambaye si wa muuzaji. Lakini ununue ile inayokuachia sehemu moja katika tano ya feza yako mukononi kwa ajili ya kuitunza. Kama hakuna gari ya bei hiyo, bado hujawa na gari. Ngojea.

Ya kuzungumza nyumbani: Katika jamaa yetu, nani anajua hesabu ya feza yote? Kuna jambo gani tunalolaumu chombo, na kosa ni letu?

Bwana awape hekima na amani. Kama muna neno, muniandikie.

Muchungaji wenu