Kulinda reli tutalinda, lakini haki yetu hatutaibadilisha na kadi

Ndugu vijana wa Kasongo, ndugu vijana wa Kabambare,

Tuanze na jambo ambalo kila mmoja wetu analijua. Treni inaingia Samba, ng'ambo ya Lualaba. Imechelewa, watu wamejaa mpaka juu ya mabehewa. Kijana anatoa telefone, anapiga picha. Hapo hapo mtu wa sare anamshika mkono: "Nani alikupa ruhusa?" Telefone inaenda. Ili irudi kuna makuta ya kutoa, na picha inafutwa mbele ya macho yake. Kabambare hakuna reli, lakini hadithi ni ile ile: kwa daraja lililovunjika, kwa bariyera, kwa lori lililozama ndani ya matope.

Juu ya hiyo, wenzetu fulani walileta wazo katika mkutano wetu. Walisema: tujiandikishe kwa watu wa usalama kama wavolonteri. Tutachunga reli, madaraja na vivuko, tutatoa habari tukiona kitu kibaya. Wao watatupatia kadi, na watatuacha tupige picha kwa amani. Wazo lilitoka kwa moyo mzuri, juu watu wamechoka kunyanyaswa. Lakini jibu letu ni hapana, na tunapashwa kueleza sababu.

Kwanza, wazo hili si la leo. Kule Marekani kuna watu wanaopenda treni kama sisi tunavyopenda mupira. Siku ya mapumziko wanasimama kando ya reli na kamera, wanaandika namba za vichwa vya treni, wanajua saa ya kila moja. Baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001, watu hao walianza kuangaliwa kama magaidi. Mwaka 2006, BNSF, kampuni kubwa ya reli ya mizigo, iliwaita: jiandikisheni, mutapata kadi, na namba ya kupiga mukiona jambo lisilo la kawaida. Kuna waliokubali. Afadhali kuitwa mlinzi kuliko kuitwa mshukiwa, si vile?

Lakini angalieni vizuri. Kadi ile haikuwapa ruhusa ya kuingia katika eneo la kampuni. Na kusimama barabarani na kamera kulikuwa tayari haki yao, hata kabla ya kadi.

Katika mji wa New York watu walichukua njia nyingine. Mwaka 2004 shirika la usafiri la mji lilitaka kukataza picha ndani ya treni za chini ya ardhi. Wanainchi hawakuomba kadi. Waliingia ndani ya treni na kamera zao, wakapiga picha mchana kweupe, bila fujo. Mwaka 2005 mpango ule uliachwa.

Sasa turudi kwetu. Hapa kadi ingefanya nini?

Ingemfanya asiye na kadi kuwa mkosaji. Mama anayeuza mihogo kando ya reli, mwanafunzi, motari, wote wangeulizwa: kadi yako iko wapi? Wazee wetu wanakumbuka kadi ya MPR wakati wa Mobutu. Kadi ilikuwa ya kila mtu, na kila mtu alikuwa na woga. Na tunajua inchi yetu: kadi ikishaanza kutolewa, haitakawia kuuzwa.

Tena kuna sababu nzito zaidi. Kijana anayepeleka habari kwa watu wa usalama, jirani zake watamuita nani? Kule Salamabila, ambako Mai-Mai na jeshi wamepigana karibu na mgodi wa dhahabu wa Namoya, neno "mpelelezi" linaweza kuua mtu. Hatutamtuma mwenzetu yeyote akabebe jina hilo ili sisi tupate kupiga picha ya treni.

Na haki yenyewe tuko nayo tayari. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 23, inasema kila mtu ana uhuru wa kutoa mawazo yake kwa maneno, kwa maandishi na kwa picha, akiheshimu sheria, utulivu na adabu. Picha imeandikwa mule ndani. Kifungu cha 18 kinasema anayekamatwa anapashwa kuambiwa mara moja sababu, katika lugha anayoisikia, na kwamba polisi hawezi kumshika zaidi ya saa 48 bila kumpeleka mbele ya sheria. Tena, etat de siège iliyotangazwa Mei 2021 ilikuwa ya Kivu ya Kaskazini na Ituri. Maniema haikuwemo.

Wengine watasema: picha tu, mbona kelele mingi? Wandugu, picha si mchezo. Mwaka 1904, huko Baringa, mmisionari Alice Seeley Harris alimpiga picha Nsala, baba aliyekaa akiangalia mkono na mguu wa mtoto wake, vilivyokatwa wakati wa kampuni za mpira za Leopold. Barua na ripoti zilikuwa zinakanushwa kila siku. Picha ile ilizunguka Ulaya na Marekani, na mwaka 1908 Leopold alilazimishwa kuachia Kongo. Haikufanya kazi hiyo peke yake, lakini bila picha ingekuwa vigumu zaidi.

Na Machi 2022, treni ya mizigo ilianguka Buyofwe, katika jimbo la Lualaba. Watu 75 walikufa. Wengi walikuwa wamepanda juu ya mizigo kwa sababu njia nyingine ya kusafiri hawana. Je, nati ikilegea, tuta likimomonyoka na mvua, nani anaona wa kwanza? Ni mtu anayepita pale kila siku. Tukimfundisha kuogopa kutoa telefone yake, tunajifunga macho sisi wenyewe.

Kwa hiyo kulinda tutalinda. Reli hii iliyopita hapa zaidi ya miaka 100 ni mali yetu. Tutalinda kama wanainchi, mbele ya watu wote, si kama watumishi wa siri.

Tunaomba viongozi wa jimbo na wa territoires zetu mbili:
– Kama kuna mahali ambapo picha imekatazwa kwa sheria, waweke kibao kinachosomeka, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Pasipo kibao, asikamatwe mtu.
– Telefone isichukuliwe, wala picha isifutwe, bila karatasi yenye jina la aliyeichukua na sababu.
– Kila kituo cha treni kiwe na namba ya simu iliyoandikwa ukutani, ili mtu yeyote aseme: hapa reli imeharibika. Bila kadi, bila kujiandikisha.

Nasi wenyewe tujipe masharti, juu askari naye ana sababu ya kuogopa na hatutaki picha zetu ziue watu. Hatupigi picha ya kambi, ya silaha wala ya askari walio kwenye operesheni. Hatusimami juu ya reli wala hatumzuii mfanyakazi. Hatuonyeshi sura ya maiti. Tunaandika tarehe na mahali, na nakala moja tunamwachia mtu mwingine. Ukikamatwa, usipigane, usitukane. Uliza sababu, taja kifungu cha 18, na mwenzako aliye karibu apige simu kwetu.

Jirani akiona moto kwa nyumba yako anapiga kelele. Hakuna anayemuuliza kadi. Sisi pia tutapiga kelele, na tutapiga picha, kwa sababu nyumba hii ni yetu.