Mwepu Ilunga na Kicheko cha Dunia



Ipo filamu fupi inayozunguka katika simu zenu, kutoka Manika hata Dilala. Wachezaji wa Zaire wamepanga ukuta mbele ya lango lao. Wabrazil wanajiandaa kupiga mpira wa adhabu. Mwamuzi Nicolae Rainea, Mromania, anapuliza kipenga, na mara beki mwenye jezi namba 2 anachomoka katika ukuta na kuupiga mpira mbali kabla Mbrazil yeyote hajaugusa. Anaonyeshwa kadi ya njano. Siku hiyo ilikuwa tarehe 22 Juni 1974, mjini Gelsenkirchen, Ujerumani Magharibi, na beki huyo ni Mwepu Ilunga. Mtangazaji mmoja wa Uingereza aliueleza mkasa huo kuwa ni ujinga wa Kiafrika. Tangu hapo filamu hiyo haikosi katika orodha za vichekesho vya Kombe la Dunia, nasi tunaicheka pamoja na wengine.

Sisemi kwamba kucheka wakubwa ni dhambi. Robert Kidiaba, mlinda mlango wa Mazembe, alikuwa na kituko chake kinachojulikana na kila mtoto wa Lualaba: timu yake ikifunga bao, huketi chini na kurukaruka kwa makalio, nacho kile kisuko chake kikitikisika juu ya kichwa kilichonyolewa. Mnamo tarehe 14 Desemba 2010, huko Abu Dhabi, Mazembe walipoifunga Internacional ya Brazil mabao 2-0 na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kuingia fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, dunia nzima ilimwona akirukaruka vivyo hivyo. Walicheka naye. Kicheko kile alikianzisha mwenyewe, kwa hiari, na hakuna aliyemwona mdogo kwa sababu hiyo. (Wazee fulani walinung'unika kwamba mtu mzima hapaswi kuruka namna ile. Mimi nilifurahi.)

Kicheko cha Mwepu ni cha namna nyingine, maana wanaomcheka hawamjui.

Mwepu alikuwa beki wa Mazembe, klabu ileile iliyoanzishwa mwaka 1939 na wamonaki Wabenedikto kwa ajili ya wanafunzi wao. Mnamo Machi 1974 alikuwa bingwa wa Afrika pamoja na Leopards, waliowashinda jirani zetu wa Zambia mjini Cairo katika fainali iliyobidi irudiwe: 2-2, kisha 2-0. Mabao yote manne ya Zaire yalifungwa na Ndaye Mulamba. Timu hiyo ilikuwa ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia. Mtu aliyepitia njia hiyo yote hakosi kujua kwamba mpira wa adhabu haupigwi na timu iliyofanya kosa.

Basi kwa nini aliupiga? Mwenyewe aliwahi kueleza kwa namna mbili. Mara moja alisema alitaka kwa makusudi atolewe uwanjani, kwa kuwa wachezaji walinyimwa fedha zao na hakuona sababu ya kuumia kwa faida ya watu walioketi jukwaani. Mara nyingine alisimulia kwamba, baada ya kufungwa na Yugoslavia mabao 9-0, watu wa Rais Mobutu waliwajia na onyo: wakifungwa na Brazil mabao manne, wasitarajie kurudi nyumbani. Wengine huona maelezo hayo mawili yanapingana. Mimi sioni hivyo. Mtu anaweza kuwa na hasira na hofu katika dakika moja, na miguu yake ikatenda kabla akili haijachagua lipi kati ya hayo mawili linaiongoza.

Wala msidhani namtakasa. Katika mechi ile ya Yugoslavia, Mwepu alimpiga teke mwamuzi, na mwamuzi akamtoa Ndaye Mulamba, asiye na kosa lolote. Namba 13 akaondoka uwanjani akilia, namba 2 akabaki. Hilo lilikuwa kosa halisi, lenye mtu aliyeumia kwa ajili yake. Lakini tazameni jinsi dunia ilivyochagua: kosa lililomwonea mwenzake halisemwi sana, ila lile lisilomdhuru mtu yeyote ndilo lililodumu miaka hamsini.

Katika kazi yangu ya kuwaandaa walimu, nawasihi wanafunzi wangu wawe waangalifu na darasa linalocheka jibu baya. Darasa hilo, baada ya wiki mbili, halijibu tena. Na mara nyingi jibu la ajabu lina chanzo chake nje ya darasa. Hapa kwetu yupo mtoto anayeulizwa hesabu akataja jina la mto, kwa sababu amesinzia; amesinzia kwa sababu alfajiri alikuwa akiosha mawe ya machimbo ili nyumbani wale. Wenzake wanacheka, jina la utani linamganda, na mwalimu asiyeuliza hatajua kamwe.

Katika vikundi vyenu vya parokia majina ya utani yapo tele, nami nayasikia. Yapo yanayotolewa na wenyewe, kama maruko ya Kidiaba, nayo yana raha yake. Yapo mengine aliyopewa msichana kwa sababu alikwama katika kusoma somo siku moja, na sasa hataki tena kupanda mimbarini. Wahenga walisema mcheka kilema hafi bila kumfika, lakini mimi siwatishi kwa malipo. Nawaomba tu, kabla ya kuituma tena filamu ile, mtafute matokeo ya mchezo.

Brazil walihitaji ushindi wa mabao matatu ili waipite Scotland katika kundi, nao waliyapata. Bao la nne halikuingia. Mechi iliisha 3-0, na Mwepu Ilunga pamoja na wenzake wakarudi nyumbani.