MWANAFUNZI WA WODINI NI MFANYAKAZI



Siku ya Ijumaa, tarehe 26 Machi 2021, Serikali ilitangaza kwamba masomo ya darasani yakome katika vyuo vyote vya Kenya. Korona ilikuwa imepanda tena, na Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru zikafungwa pamoja. Mwanafunzi wa sheria akaambiwa aende nyumbani. Wa uhandisi, nyumbani. Wa ualimu, nyumbani. Lakini tangazo lile lilikuwa na neno dogo ambalo wengi hawakulishika: isipokuwa watahiniwa waliokuwa katika mitihani, na vyuo vya tiba.

Lishikeni sasa neno hilo. Serikali nzima iliona ya kwamba darasa ni mahali pa hatari kwa kijana wa miaka 20. Hapo hapo ikaona wodi si mahali pa hatari kwa kijana wa miaka hiyo hiyo. Yawezekanaje? Yawezekana kwa sababu moja tu: wodini alikuwa na kazi.

Watajibu wakubwa kwamba tiba haisomwi kwa simu. Kweli, haisomwi kwa simu. Nasi hatusemi wangefukuzwa wodini. Twasema hivi: mtu aliyewekwa mahali pa hatari kwa sababu anahitajiwa apewe ngao ya mtu anayehitajiwa. Haifai kuhesabiwa mfanyakazi siku ya hatari, na siku ya bima na matibabu kuitwa mtoto wa shule.

NILIYOYAONA

Mimi ni mtumishi wa wodi katika hospitali moja ya mjini hapa; jina lake silitaji, maana nyingi zilikuwa vile vile. Mwezi wa Aprili mwaka ule tulikuwa na msichana wa mwaka wa tatu wa uuguzi. Zamu ilikuwa na sista mmoja na wagonjwa waliojaa mpaka ukutani. Msichana akaambiwa, "Wewe kaa na huyu, tazama oksijeni yake." Akakaa, barakoa moja tangu asubuhi. Saa tisa mgonjwa akafariki mkono wake ukiwa mkononi mwa yule msichana. Tukamwosha na kumfunga, mimi na yeye. Tulipomaliza akapewa faili ya mgonjwa mwingine. Hakuna aliyemwuliza neno.

Baadaye nikamkuta katika chumba cha kumwagia uchafu, amekalia ndoo iliyopinduliwa, analia bila sauti. Nikamwambia, "Binti, pole. Kuna nini?"

Akasema, "Mzee, huyu ni wa nne wiki hii. Na nyumbani sijui ninawapelekea nini."

Nyumbani kwao ni Kawangware, chumba kimoja, mama na wadogo zake wawili. Kafyu ilikuwa saa mbili usiku. Zamu ikichelewa kidogo, alishuka mbio mpaka mjini kutafuta matatu ya 46, nayo yapakia watu pungufu na nauli imepanda. Majirani wakimwona na sare hukaza milango. Nikamwambia aende kwa mwalimu wake aseme. Akanishika mkono: "Tafadhali Mzee, usiseme. Wataandika kwamba siiwezi kazi."

Ndugu zangu, tazameni hapo. Aliogopa ugonjwa, akaogopa polisi wa kafyu, lakini zaidi ya vyote aliogopa kusema kwamba amechoka. Nani aliyemfundisha hofu hiyo?

SI UDHAIFU WA MOYO

Wako wasemao: vijana wa siku hizi ni laini, sisi tulivumilia. Hayo ni maneno ya bure. Shirika la Afya Duniani lilipoandika mwaka 2019 juu ya kuchakaa kwa mtu kwa sababu ya kazi, lililiweka kuwa jambo la mahali pa kazi, litokanalo na msongo usioshughulikiwa. Halikusema ni moyo mdogo. Mashine ikifanya kazi usiku na mchana bila mafuta ikakatika, fundi mwenye akili hasemi mashine ni laini.

Na vijana wale walikuwa na macho. Desemba 2020 walimwona daktari wa miaka 28, aliyehudumia wagonjwa wa Korona huko Machakos, akifa kwa ugonjwa ule ule. Nchi nzima ikasikia kwamba alikuwa amekaa miezi mitano bila mshahara, na bima hana. Mwezi huo huo wauguzi na matabibu wakagoma tarehe 7, na madaktari tarehe 21, wakidai nguo za kujikinga, bima na haki zao. Mwanafunzi akajiuliza: ikiwa mwenye barua ya kazi afa hivi, mimi nisiye na barua nitakuwaje? Swali hilo ndilo lililomnyima usingizi. Dawa ya swali hilo si kuambiwa apumue polepole na kuwaza mema. Dawa yake ni jibu.

Tena wakubwa hawawezi kusema hawakujua. Julai 2020, Korona ikiwa na miezi minne tu nchini, kamati ya Serikali chini ya Dkt. Frank Njenga ilitoa taarifa juu ya afya ya akili, ikashauri jambo hili litangazwe kuwa janga la taifa. Taarifa ilisomwa, wodi zikabaki vile vile.

MCHEZO WA MAJINA

Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 yamhesabu hata mwanagenzi katika jamii ya wafanyakazi. Waliotunga sheria waliona kwamba kijana anayejifunza kazi kwa kuifanya aweza kukatwa na mashine ile ile imkatayo fundi. Lakini kijana anayejifunza uuguzi haitwi mwanagenzi. Aitwa mwanafunzi, na mtu wa chuo. Hospitali yasema, huyu si wetu, ni mgeni. Chuo chasema, yaliyompata yalimpata hospitalini. Sindano ikimchoma kidole, majina mawili yakimbia na kidole chabaki chake.

Na mchezo huu haukwisha Korona ilipotulia. Mkataba wa 2017 uliweka malipo ya madaktari wanagenzi kuwa shilingi 206,400 kwa mwezi. Mwaka 2024 Serikali ikataka kuwapa 70,000, kwa kusema hao ni wanaojifunza tu. Madaktari wakagoma siku 56, tangu Machi 14 mpaka Mei 8. Mwaka huo huo tulisikia vilio vya wanagenzi wa tiba waliojitoa uhai. Hatusemi twajua yaliyokuwa mioyoni mwao. Mauti ya namna hiyo hayana sababu moja. Lakini twajua mzigo uliokuwa mabegani, na twajua ni nani aliyeupandisha.

Jambo moja limesogea. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kwamba kifungu kilichomfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu chapingana na Katiba. Hivyo anayezama asiogope tena kupiga kelele. Lakini je, akipiga kelele wodini kwetu, nani atamsikia?

NA SISI JE?

Hapa nasema na wenzangu, wala msinikasirikie. Ni nani amwambiaye mwanafunzi, "Hata sisi tuliteswa"? Ni nani amwachiaye zamu ya usiku peke yake na kwenda kulala? Ni nani amwambiaye kijana anayelia, "Utapelekwa Mathari"? Si waziri. Ni sisi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Twamdai mwajiri atuheshimu, kisha twageuka na kumfanyia mwanafunzi yale yale tunayoyakataa. Na kijana huyo mwaka kesho ndiye mwanachama mpya. Ukimfundisha leo kunyamaza, usimtazamie asimame siku ya mgomo.

TUNAYOTAKA

1. Kila mwanafunzi aingiaye wodini awe na barua moja inayosema nani amtibu na nani amlipe fidia akiumia au akiugua kwa kazi: chuo au hospitali. Wakishindwa kuelewana, asiingie.

2. Vifaa vya kujikinga vigawiwe kwa kadiri ya hatari ya kazi. Virusi haviulizi kitambulisho.

3. Mwanafunzi asihesabiwe kuziba pengo la muuguzi asiyeajiriwa. Jina lake lisiandikwe katika daftari la zamu mahali pa mtu wa mshahara.

4. Awepo mshauri wa kuzungumza naye kwa siri, asiye mwalimu wala mtahini wake, na neno lake lisiingie katika faili ya masomo.

5. Mgonjwa akifa, walio zamu wapewe muda wa kukaa na kunywa chai kabla ya faili nyingine. Hilo halingoji bajeti. Laweza kuanza kesho asubuhi katika wodi yako.

Mambo haya yaletwe katika mkutano wa tawi, yapigiwe kura, na mjumbe wetu ayapeleke mezani mkataba utakapojadiliwa. Waleteni na wanafunzi wenyewe, wakae viti vya mbele, waseme kwa vinywa vyao.

Ugonjwa mwingine utakuja; tusijidanganye. Siku hiyo watatangaza tena: wote nyumbani, isipokuwa ninyi. Tuwe tayari kujibu: vema, tutabaki, lakini kwanza tuonyesheni barua.

Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mtumishi wa Wodi, Nairobi