Fungate Istanbul, na Kilwa Umeipita Usingizini

Leo nasema wazi, atakayeudhika anisamehe.

Bi harusi wa Kitomanga akipata mume mwenye uwezo, mashoga wanauliza: fungate wapi? Dubai? Istanbul? Siku ikifika anapanda basi la Dar es Salaam, anapita njiapanda ya Nangurukuru amelala fofofo. Wiki ya pili tunaletewa picha yuko Msikiti wa Buluu, chini kaandika: “Mashallah, historia yetu Waislamu.”

Historia yetu? Msikiti ule ulijengwa miaka ya 1600. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, wa mawe ya matumbawe na chokaa, umeutangulia kwa zaidi ya miaka 400. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu uzuri wa mji. Alimkuta Sultani Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul Mawahib kwa ukarimu wake. Anasimulia kuwa fakiri alimwomba nguo alizovaa akitoka sala ya Ijumaa, na akampa. Wangapi kati yetu tungevua hata mtandio wa harusi?

Najua mtakalosema: “Kule magofu tu, hata hoteli ya maana hakuna.” Magofu hayo UNESCO iliyaweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, pamoja na ya Songo Mnara. Wageni wanavuka bahari kuja kuyatazama, sisi tuliozaliwa jirani tunayaita mawe. Na wengine mnaogopa mashetani! Dada, watu wanaishi pale kisiwani, wanapika, wanalea, wanasali.

Sisemi kusafiri mbali ni kosa. Nasema ni aibu kumwonyesha mumeo misikiti ya watu kabla hujamwonyesha wa kwenu. Kesho mwanao akikuuliza babu zake walijenga nini, utamfungulia picha ya Istanbul?

Basi shukeni Nangurukuru, mwende Kilwa Masoko, mkate kibali, mpande mashua. Tazameni Husuni Kubwa, jumba la sultani lililo juu ya bahari. Mkirudi piteni Kilwa Kivinje.

Na ukienda, jistiri. Ule ni msikiti, na kisiwani kuna makaburi. Wasalimie waliolala, waombee dua, ndipo utoe simu upige picha.

Allah azibariki ndoa zenu. Amin.