Walikataa Kuokota Mizoga, Serikali Ikashtuka: Siasa za Wadalit Zimefika Wapi?

Julai 2016, huko Una, jimbo la Gujarat nchini India, vijana wanne walivuliwa mashati, wakafungwa kwa gari na kuchapwa na fimbo na vyuma mchana kweupe. Kosa lao? Walikuwa wanachuna ngozi ya ng'ombe aliyekufa. Waliowachapa walidai eti wamemuua, na huko ng'ombe ni kitu kitakatifu. Video ikatupwa mtandaoni, ionekane kama onyo kwa wengine.

Hilo onyo liliwageuka.

Kama hujawahi kuwasikia, Wadalit ni watu ambao mfumo wa matabaka ya Kihindu uliwaweka chini kabisa, hadi nje ya matabaka yenyewe. Unazaliwa humo, unaoa humo, na kazi yako imeamuliwa kabla hujajua kutembea: kuzoa mavi, kuchuna mizoga, kuchoma maiti. Halafu wale wale unaowafanyia usafi wanasema ukiwagusa utawachafua. Sensa ya 2011 ilihesabu zaidi ya milioni 200 kwenye orodha rasmi. Hiyo si mbogi ndogo, wasee.

Sasa cheki walichofanya baada ya Una. Hawakuomba huruma. Walibeba mizoga wakaimwaga nje ya ofisi ya serikali huko Surendranagar, wakaenda zao. Ujumbe ulikuwa mfupi: huyo mnayemwita mama, leo mzikeni wenyewe. Mizoga ikaanza kuoza, harufu ikapanda, na wale mabuda wa matabaka ya juu wakagundua hakuna mwingine anajua hiyo kazi. Mapema Agosti, waziri mkuu wa jimbo, Anandiben Patel, akatangaza anang'atuka. Yeye alisema ni umri, lakini watu wengi waliunganisha na hizo ghasia. Mwaka uliofuata, wakili Jignesh Mevani, aliyeongoza maandamano ya kutoka Ahmedabad hadi Una, akaingia bunge la jimbo bila chama.

Mbinu yenyewe ni ya zamani. Machi 1927, B.R. Ambedkar aliongoza maelfu hadi bwawa la umma pale Mahad, akainama akanywa maji. Maji tu! Lakini Mdalit hakuruhusiwa kuyagusa. Huyo huyo Ambedkar ndiye baadaye aliongoza kamati iliyoandika katiba ya India, na kifungu cha 17 kikapiga marufuku mambo ya "wasioguswa" kuanzia 1950.

Kwa hivyo mbona vijana wanachapwa 2016? Hapo ndipo kuna noma. Sheria ya Delhi inatekelezwa na karao wa kijijini, na karao ana tabaka lake. Ilibidi 1989 bunge lipitishe sheria nyingine kali ya kuwalinda Wadalit dhidi ya ukatili. Machi 2018, Mahakama ya Juu ikailegeza, ikitaka ruhusa na uchunguzi kabla mtuhumiwa kukamatwa. Tarehe 2 Aprili Wadalit wakafunga barabara na reli majimbo kadhaa, na watu wakauawa. Kufika Agosti bunge lilikuwa limerudisha makali yake. Kwa maoni yangu, hii ndiyo mechi ya kukumbuka kuliko zote: walishinda kitu ambacho tayari kilikuwa chao, na bado wakakilipia kwa damu.

Kwenye kura, picha ni mchanganyiko. Chama cha BSP kilimfanya Mayawati, mama Mdalit, waziri mkuu wa Uttar Pradesh mara nne, na 2007 kikapata wingi wa viti peke yake. Uchaguzi mkuu wa 2024 kikatoka bila hata kiti kimoja. Lakini usidhani sauti imezimika. Mwaka huo huo upinzani ulizunguka na kijitabu cha katiba mkononi, ukiambia Wadalit kwamba BJP ikipata viti 400 itaibadilisha na kugusa nafasi zao za kazi na shule. BJP iliangukia 240. Chandrashekhar Azad, kijana wa masharubu yake, naye akachukua Nagina.

Ndani ya nyumba pia kuna kelele. Agosti 2024 Mahakama ya Juu iliruhusu majimbo kugawa nafasi hizo miongoni mwa vikundi vya Wadalit wenyewe. Walio chini zaidi, kama Wamadiga, walishangilia, kwa sababu wanasema ndugu zao waliosoma mapema wamekuwa wakimaliza sahani. Mayawati alipinga, akiona ni njia ya kuwatenganisha. Ukweli ni kwamba wote wawili wana hoja.

Sasa macho yote yako kwa sensa ya 2027. Aprili 2025 serikali ilikubali kuhesabu matabaka yote, kitu ambacho hakijafanyika kikamilifu tangu 1931, enzi za Mwingereza. Wadalit wenyewe wamekuwa wakihesabiwa kila sensa. Wale ambao idadi yao haijulikani ni wa matabaka mengine, na idadi hiyo ikitoka, mtu yeyote ataweza kuiweka kando ya orodha ya majaji, maprofesa na wakubwa wa kampuni. Na kando ya orodha ya wanaoshuka kwenye mitaro ya maji taka pia, kazi iliyopigwa marufuku 2013, na ambayo bado inaua.