Ugumu wa Kufunga Programu Haulindi Mtu

Vituo vingi vya afya vya serikali nchini Kenya, vikiwemo vya Migori na Homa Bay, huweka rekodi za wagonjwa kwa KenyaEMR. Mfumo huo umejengwa juu ya OpenMRS, programu huria iliyobuniwa mwaka 2004. Seva zake kwa kawaida huendeshwa kwa mfumo endeshi wa Ubuntu, nayo Ubuntu huchota vifurushi vyake vingi kutoka mradi huria wa Debian, ambako wafungaji, yaani wanaoziandaa programu ziwe vifurushi, wengi wao ni watu wa kujitolea. Karani wa kliniki mjini Awendo anategemea kazi yao kila asubuhi. Je, kijana wa hapo hapo anayejua Python anaweza kujiunga nao?

Hakuna sheria inayomkataza. Kinachomkwamisha ni utaratibu. Tuseme anataka kusahihisha mstari mmoja tu. Kifurushi hiki huhifadhi viraka vyake kwa zana ya quilt, kile kinavyo ndani ya git vikiwa vimeshabandikwa, na cha tatu hakimo kwenye git kabisa. Akishaelewa, sharti akijenge kifurushi katika mazingira safi, jambo linalokula mamia ya megabaiti za bando alilonunua kwa pesa zake. Kisha amtafute mwenye idhini ya kukipakia, maana yeye hana. Wengi huishia njiani, na siwalaumu.

Wakongwe wa Debian hujibu kwamba ugumu huo ndio mchujo. Hapo sikubaliani nao, na ushahidi wangu ni xz, programu ya kubana faili. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aligundua kwamba kuingia kwenye seva kwa SSH kulikuwa kunachelewa kama nusu sekunde. Alipofukua, akakuta mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, uliopandikizwa na mtu aliyejiita Jia Tan. Huyo hakuwa mgeni: alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili kujenga imani, huku msimamizi wa xz akiwa peke yake na amechoka. Tena faili lililouamsha mlango huo halikuwamo kwenye git. Lilikuwa kwenye furushi la toleo pekee, mahali ambapo karibu hakuna anayesoma. Mchujo ulimpitisha mvumilivu mwenye nia mbaya, na vichochoro vikamfichia mzigo.

Kurahisisha si ndoto. Mwaka 2008 zana ya dh ilifupisha faili la debian/rules hadi mistari mitatu kwa vifurushi vingi, na Debian haikuanguka. Mwaka 2018 ikaja Salsa, hifadhi ya git ya Debian, ikakusanya kazi kubwa mahali pamoja. Kilichobaki ni kuchagua mtindo mmoja wa git uwe wa kawaida, na anayetaka mwingine aeleze sababu. Najua gharama itamwangukia msimamizi mwenye vifurushi arobaini asiyelipwa hata senti. Apewe muda na zana za kuhamisha.

Si kila ugumu uondolewe: ukaguzi wa leseni za programu, ingawa unachosha, mimi ningeuacha ulivyo. Mkulima wa miwa wa Awendo hana ugomvi na mizani ya kupimia miwa yake. Ugomvi wake ni foleni isiyoeleweka ya kuifikia. Vivyo hivyo hapa: jicho la msimamizi libaki, lakini ujenzi na majaribio yafanyike kwenye seva za Salsa, ili marekebisho ya mstari mmoja yaweze kutumwa kwa bando la shilingi ishirini.